Sikio la Kushoto la Baba

Picha iliyo juu ya kaburi la baba yangu ina masikio mawili yanayolingana. Baba yangu hakuwahi kuwa na masikio yanayolingana. La kulia lilikuwa sikio la kawaida, limelala kichwani kama la watu wengine. La kushoto lilichomoza mbele kama mlango ulioachwa wazi, kwa sababu miaka yote ya ualimu wake aliweka chaki pale. Aliingia darasani na chaki sikioni, akatoka nayo, akaenda nayo kanisani, na safari moja alipokea nayo Chakula cha Bwana, mchungaji akawa anaitazama chaki badala ya kikombe. Mtu aliyemjua baba angemtambua gizani kwa kulipapasa sikio hilo tu. Sasa limenyooshwa. Nina hasira na jambo hili, na sitaki kujifanya sina.

Nianze na Mwingereza, maana bila yeye nisingejua kwamba sikio ni jambo la kukasirikia.

Nilipokuwa mtoto, shule moja ya misheni karibu na kwetu, nje kidogo ya Iringa mjini, ilisafisha maktaba yake. Panya walikuwa wameshakula nusu ya vitabu, na vilivyobaki vilirundikwa uani vichomwe. Baba alipita, akaokota kimoja kwa sababu karatasi zake zilikuwa nene. Alidhani zingefaa kufunikia madaftari yetu. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo hazikuwepo. Ndani mlikuwa na michoro ya mtu mmoja aliyeishi London enzi za Malkia Viktoria, ambaye kila wiki aliwachora wakubwa wa nchi yake katika gazeti la vichekesho, na katikati ya wiki alichora picha za vitabu vya watoto: bata wamevaa makoti, kondoo wanakunywa chai. Jina lake nililijua ukubwani. Humu sitataja jina la mtu yeyote, kwa hiyo na lake litakaa pembeni. Nyumbani tulimwita Mwingereza, kana kwamba duniani hakukuwa na mwingine.

Baba hakufunikia daftari lolote. Alikaa na kitabu jikoni karibu na moto, maana baridi ya kwetu mwezi wa saba haina mzaha, akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, na kila ukurasa akacheka. Alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, si mtu wa kucheka ovyo. Nilisogea nione kinachomchekesha. Kiingereza nilikuwa bado sikijui, na sikukihitaji.

Kulikuwa na waziri mmoja ambaye Mwingereza hakumpa shingo. Katika kila mchoro kichwa chake kilikaa moja kwa moja juu ya mabega, kama boga juu ya gunia.

"Kwa nini hana shingo?" nilimuuliza baba.

"Anayo," alisema. "Ila ukimtazama muda mrefu utaona haitumii."

Miaka mingi baadaye niliona picha ya waziri huyo iliyopigwa kwa kamera. Ana shingo ya kawaida kabisa. Lakini baba alikuwa sahihi: hata katika kamera mtu yule anatazama mbele tu, hageuki kumwona aliye pembeni yake. Mwingereza alikuwa amemkodolea macho mpaka akaona kile ambacho mke wa waziri alikwisha kukizoea, akakikuza, akaacha mengine yote yawe madogo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Watu hudhani kuchora kibonzo ni kuharibu sura ya mtu kwa makusudi. Kuharibu ni rahisi, kila mtoto wa darasa la pili anaweza kumharibu mwalimu wake nyuma ya daftari.

Nilijifunza kushika kalamu kwa kumwiga. Hakuwa na kivuli cha kupaka, vivuli vyake vyote vilikuwa mistari, midogo, iliyopishana na kukatana kama ufumaji wa kikapu cha nyasi za milulu. Bibi yangu alifuma vikapu hivyo, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa unajua mambo hayo kabla ya jicho. Ningeweza kukaa mchana kutwa nikinakili koti la waziri. Mama alisema nitapofuka. Baba alisema mwacheni.

Na lazima niseme ukubwa wa mtu huyu, kwa sababu kila ninapomtaja mbele ya vijana ninaowafundisha kuchora hunitazama kama ninayewauzia viatu vya mtumba visivyo na pea. Enzi hizo gazeti halikuweza bado kuchapa picha ya kamera. Mkulima wa huko Uingereza, fundi, muuza samaki, wengi wao hawakuwahi kumwona mtawala wao ana kwa ana. Sura waliyoijua ni ile iliyotoka kwenye kalamu yake. Yeye ndiye aliyeamua nani ana shingo. Na wakubwa wenyewe hawakumfunga. Walilalamika asubuhi, mchana wakatuma mtu kuomba mchoro wenyewe ili wautundike sebuleni, na aliyelala vibaya ni yule ambaye hakuchorwa. Sisi tunaochora vibonzo leo katika magazeti ya Kiswahili, kichwa kikubwa, mwili mdogo, mkubwa mwenye tumbo akiruka dimbwi, bado tunavaa nguo alizotuachia, na wengi wetu hatujui ni za nani.

Kisha ukaja ukurasa wa mfalme.

Alikuwa mfalme wa Kiafrika. Wa wapi haikuandikwa, maana kwa Mwingereza Afrika ilikuwa kijiji kimoja. Amevaa kofia ndefu ya kizungu, miguu peku, midomo imeipita pua, magoti yamekunjwa kama ya nyani, na mbele yake Mzungu mwembamba anampa shanga. Baba hakucheka. Nilisubiri auchane ukurasa, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hasira na mimi nimerithi kwake. Hakuuchana. Aliutazama kuliko kurasa zote, kisha akasema:

"Huyu hakumwona. Wale wengine aliwaona."

Mkono ni uleule, wino uleule, ufumaji uleule wa mistari. Lakini kwa waziri alikaa kitako akatazama, na kwa mfalme hakutazama chochote, alichora alichosikia. Ndiyo maana wa kwanza ni utani na wa pili ni tusi. Watu huniuliza kama nampenda Mwingereza au namchukia, kana kwamba lazima nichague. Nampenda, na ukurasa ule simsamehe.

"Basi mchore wewe," baba aliniambia. "Mchore mfalme uliyemwona."

Mimi sikuwahi kumwona mfalme. Mtu pekee niliyemjua ambaye kofia ndefu ingemkaa alikuwa mtani wa baba. Huyu alikuwa mwalimu pia, Mngoni wa Songea, waliyefundisha pamoja shule moja ya Chimala kabla baba hajahamishiwa kwetu. Mngoni yeye alibaki Chimala, akaoa huko, akalima mpunga. Wangoni na sisi Wahehe ni watani: mababu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wakabaki na ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Mtani anaweza kuingia kwenu bila hodi, akachomoa nyama chunguni, akakuita mla mbwa mbele ya wakwe zako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Huyu wetu alikuja kila baada ya mavuno na gunia la mchele begani na matusi mdomoni, akianza kuyamwaga tangu barabarani ili jirani wajue amefika.

Nilimchora na kofia ya mfalme, miguu yake mirefu kama ya korongo, na tabasamu lile lake la upande mmoja la mtu aliyekwisha kula chako. Alipouona mchoro alicheka mpaka akashika mlango.

"Nani kamleta Mngoni huyu humu?" aliuliza. "Atawamalizia chakula!"

Akauchukua akaondoka nao. Mpaka leo umetundikwa sebuleni kwake Chimala, na chini yake kuna picha yake ya kamera ndani ya fremu. Wageni wake wakisifia ile ya fremu, anawaambia huyo ni shemeji yake.

Hii ndiyo kazi niliyoishia nayo. Naishi Mbeya, si mbali na Mwanjelwa. Nachora picha za vitabu vya shule, mabango ya maduka, na vibonzo katika gazeti pale mhariri anapokuwa na moyo. Siku asiyokuwa nao ananipigia simu kuniambia mheshimiwa fulani nimpunguzie tumbo. Watu huja nyumbani kutaka wachorwe. Mmoja, aliyekuwa anastaafu kazi kubwa, alikaa kwenye kiti changu akaanza kuamrisha: kitambi kitoe, midomo ipunguze, hapa juu ongeza nywele. Nilifanya yote. Nilipomaliza tukagundua sote wawili kwamba nimemchora mdogo wake, yule waliyegombana naye shamba. Aliuchukua hivyo hivyo. Kwa muda mrefu nilichukulia mambo haya kama vichekesho vya kazi, nikayasimulia kwa baba kwenye simu tukacheka.

Kisha baba akaugua. Aliletwa Mbeya kwa ajili ya hospitali, akakaa kwangu. Asubuhi nilimtoa barazani akaote jua, amejifunika koti lake zito la kahawia, na chaki iko sikioni. Alikwisha kustaafu siku nyingi, lakini sikio halikustaafu. Na hapo ndipo, kwa kukaa naye kila siku bila haraka, nikaona jambo ambalo nilikuwa nimeishi nalo nisilione. Alipotaka kumsikiliza mtu, mtoto wa jirani, muuza mboga, mimi, alijiinamisha upande wa kushoto na kulisogeza sikio lile karibu na mdomo wa anayeongea. Chaki ilikuwa imelifungua, na yeye akalitumia. Wanafunzi wote waliowahi kunong'ona jibu kwa aibu walinong'ona humo.

Nikamchora. Mwili niliufanya mdogo, umekunjwa ndani ya koti, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaula. Sikio nililifanya kubwa kuliko kichwa, limekuelekea wewe unayetazama, na chaki imesimama ndani yake kama nguzo. Jicho lilikuwa nusu limefumba, kama alivyofanya akisubiri jibu. Vivuli vyote nilivitengeneza kwa mistari ya Mwingereza. Siwezi kujidai kwa mambo mengi, ila mchoro ule ndio bora niliowahi kufanya.

Siku niliyoumaliza mtani alikuwa amekuja kutoka Chimala kumwona mgonjwa. Amekaa kwenye ngazi anamenya miwa na kumwambia baba kwamba Wahehe hata kufa hawajui, wanachelewesha watu. Niliugeuza mchoro. Baba alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa, nikamshika mgongo. Akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Hii ndiyo iwekwe," alisema.

"Iwekwe wapi, baba?"

"We unajua wapi. Juu ya sanduku, na baadaye kaburini. Ile ya kitambulisho sitaki. Mle nimekaa kama mwizi wa ng'ombe."

"Mimi nimesikia," mtani alisema. "Mla mbwa kasema kwa mdomo wake."

Baada ya hapo kulikuwa na jambo moja tu nililolitaka kutoka kwa msiba wowote ambao ungekuja, nalo ni kwamba alichoomba kifanyike. Sikutaka kiti cha mbele wala kusoma wasifu. Nilitaka baba awe yeye siku ile.

Alifariki kabla ya mvua kuanza. Kaka yangu mkubwa alishika kila kitu, na sitasema alishika vibaya. Ni bosi katika ofisi moja hapa Mbeya, ana namba za simu za wakubwa. Gari lilipatikana, sanduku likapatikana, mgeni rasmi akapatikana. Ndiyo, msiba wa baba yangu ulikuwa na mgeni rasmi. Kaka alinipigia nikiwa bado hospitali.

"Mdogo wangu, pole. Pitia studio pale Mwanjelwa uchukue picha ya mzee. Nimeshawatumia WhatsApp."

Nilikwenda. Mwenye studio alinipa pole ya dhati, akanigeuzia fremu kwa mikono miwili kama mtu anayekuonyesha mtoto mchanga. Walikuwa wamekichukua kile kichwa cha kitambulisho, cha mwizi wa ng'ombe, wakakipachika juu ya suti nyeusi isiyokuwa yake na tai ya bluu. Nyuma waliweka mawingu. Ngozi ilikuwa imeng'arishwa mpaka baba akaonekana kama aliyetoka kuoshwa na sabuni ya unga. Na masikio yalikuwa mawili, yanalingana.

"Hili la kushoto lilikuwa na hitilafu, dada," aliniambia. "Nikakopi la kulia, nikaligeuza."

Hakuwa na kosa, alikuwa hajamwona. Niliichukua fremu nikasafiri nayo magotini nyuma ya gari la maiti mpaka Iringa, na mchoro wangu nimeuviringisha ndani ya bomba la plastiki chini ya miguu. Njia nzima yule bwana wa mawingu alinitazama. Tulipita Chimala, mtani akapanda garini na sisi. Aliiangalia fremu mara moja, akageukia dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutukana mtu.

Kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwa baba, mlango umefungwa. Mtani haingii kikao cha ukoo. Alikuwa nje anapasua kuni na kuwasimanga waombolezaji, kama inavyompasa mtani msibani, kwa hiyo shahidi wangu wa pekee alikuwa upande wa pili wa ukuta, na sauti yake niliisikia muda wote. Nilifungua bomba nikautandaza mchoro mezani, nikaubana pembe zake kwa vikombe vya chai. Wakasimama kuutazama. Kwa kitambo kidogo nilimwona baba mdogo anataka kucheka. Namhesabia hilo kwa wema.

"Hii inaitwaje?" kaka aliuliza.

Ningeweza kusema ni picha. Ningeweza kusema ni ukumbusho, au ni utani wa mzee na mwanawe, na nadhani shangazi angenyamaza. Mimi nilisema jina lake la kazi.

"Ni katuni."

Kwetu katuni ni dereva aliyepotea njia anayoipita kila siku. Ni karani aliyepoteza muhuri akiwa ameushika. We katuni nini? Katuni kweli huyu! Hakuna mtu anayelisikia neno hilo akafikiria kalamu na wino. Shangazi, dada wa baba, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na kanga kichwani, aliinua uso.

"Katuni?" alisema. "Kaka yangu kafundisha watu wote hawa, leo mnamweka katuni juu ya sanduku? Na huyo mkubwa anakuja, atusemeje?"

"Shangazi, kwenye kazi yetu katuni ni..."

"Mimi sijui kazi yenu. Mimi namjua kaka yangu."

"Aliomba mwenyewe," nilisema. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Alisema iwekwe hii. Mtani wake alikuwepo, muiteni mumuulize."

"Mtani alikuwepo," kaka alirudia, taratibu, na akatabasamu kwa huruma, nikajua nimeshindwa. "Sasa si ndiyo hiyo? Mdogo wangu, mzee alikuwa anatania."

Wakatikisa vichwa kukubali. Anatania, bila shaka. Mtu mzima na akili zake, mwalimu, mzee wa kanisa, hawezi kumaanisha jambo kama hilo. Niliondoa vikombe, nikauviringisha mchoro. Kimoja kilikuwa kimeacha duara la chai kwenye pembe, na lipo mpaka sasa.

Siku ya mazishi ile fremu iliwekwa juu ya sanduku, imezungushiwa maua ya plastiki. Mgeni rasmi alizungumza juu ya mchango wa marehemu katika taifa huku akiigeukia picha mara kwa mara, na mara zote aligeukia suti. Kwaya iliimba vizuri. Wakati wa kutoa sanduku nje ulipofika, mtani alijitokeza akaziba mlango.

Alikuwa amevaa koti la baba, lile la kahawia. Chaki ilikuwa sikioni kwake, sikio la kushoto, na alikuwa amelisukuma mbele kwa kidole ili lichomoze. Akatembea kama baba, hatua ndefu na ya kuvuta, akasimama mbele ya wabebaji akajiinamisha kushoto kabisa, jicho nusu limefumba.

"Nani kawaruhusu kutoka?" alisema kwa sauti ya baba. "Kengele imelia? Mbona mimi sijasikia, na sikio ninalo?"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko watu wakaanza kulia kilio cha kweli, kile ambacho hotuba zote hazikuweza kukitoa. Wanafunzi wake wa zamani, watu wenye mvi, walijibu kwa pamoja, "Bado, mwalimu!" Shangazi alikaa chini akashika tumbo, anacheka na machozi yanamtoka. Kaka alicheka, akatoa kitambaa, akampa mtani pesa ya utani ili afungue njia, na mgeni rasmi akaulizia jina la mzee yule hodari.

Nilisimama kando ya ukuta nikiwatazama. Sikio lilelile, chaki ileile, kuinama kulekule. Nilichokuwa nimekichora kwa siku nyingi kilikuwa kinatembea uwanjani na wote walikuwa wanakipenda. Kwa mdomo ni mila, kwa karatasi ni matusi, kwa sababu mdomo ukifungwa kila mtu anarudi kwake na suti inabaki, lakini karatasi haifungi mdomo. Niliwaza London, wale mawaziri wenye kiburi, watu waliozitawala nchi za wenzao bila kuziona, na bado walikuwa na ujasiri wa kutundika sura zao mbaya sebuleni. Sisi tunaojisifu kwa utani hatukuwa nao. Niliwachukia siku ile, ndugu zangu wa damu. Chuki ile imepungua ila haijaisha.

Baada ya mwaka kaburi lilijengewa. Vigae vyeupe, msalaba, na kichwani kigae kimoja chenye picha iliyochomwa humo isifutike kwa mvua wala jua. Unajua ni picha gani. Kaka aliita watu, mchungaji akaombea, mabinti wakaandaa pilau, na mtani akatumiwa nauli aje kutoka Chimala, kwa sababu kaburi lisilotaniwa ni kama halijakamilika, na kila mtu alikuwa anakumbuka alivyowachekesha.

Alikuwa amezeeka ndani ya mwaka ule kuliko nilivyomwona akizeeka maisha yake yote. Alikuja na fimbo. Watu walimfungulia njia wakiwa tayari na tabasamu midomoni, baadhi wametoa simu wamrekodi. Akafika kichwani mwa kaburi, akatia mkono mfukoni, akatoa chaki mpya nzima. Alikuwa amekuja nayo. Akainama kukitazama kigae. Alitazama lile sikio la kulia, akatazama la kushoto, akakipangusa kigae kwa kiganja kama kina vumbi, akatazama tena. Chaki ilikuwa mkononi na haikuwa na pa kuwekwa.

"Huyu simjui," alisema. "Mimi simtanii mtu nisiyemjua."

Walicheka. Jamani walivyocheka! Shangazi alipiga makofi. Kaka alicheka kuliko wote, akamshika mzee bega na kuwageukia wageni.

"Mnawaona Wangoni hawa?" alisema. "Mwaka mzima, na bado anatania!"

Mzee alirudisha chaki mfukoni, akauliza njia fupi ya kwenda stendi.